Baluchari imefufuka, ila ile treni imebaki makumbusho

Mwaka juzi nilimsindikiza mama mkubwa Chennai kwa matibabu, na walioenda India kwa mambo hayo wanajua, kuna siku nyingi za kukaa tu mnasubiri majibu, basi jioni moja akasema twende tukaangalie nguo, hawezi kurudi Tandika mikono mitupu watu watamsema. Tukaingia duka moja la sari. Kijana wa dukani akaanza kutandaza moja baada ya nyingine juu ya lile godoro jeupe mpaka unaona aibu kuondoka bila kununua, alafu akachomoa moja ya zambarau iliyoiva, ile ncha ya kuning'inia begani imejaa vijitu vidogo vidogo vya rangi ya dhahabu, gari la farasi, jamaa anavuta upinde. "Baluchari, mama, orijino, hariri tupu, imefumwa kwa mkono." Rupia 1,800. Mama mkubwa akapiga hesabu kwa shilingi akaona chee, akabeba.

Tumefika Dar, ikapelekwa kwa fundi cherehani wa mtaani. Sari nyingi zinakuja na kipande cha ziada mwishoni cha kushonea blauzi, fundi akakikata, akachomoa uzi mmoja, akauwasha kwa kiberiti. Uzi ukajikunja, ukayeyuka, ukaganda ukawa kitone cheusi kigumu kama kichwa cha pini. "Mama, hii plastiki," akasema, hata hakutuangalia. Hariri ikiungua inanuka kama nywele iliyoshika moto na jivu lake ukilifikicha linakuwa unga. Hii ilinuka kama ndoo inayoungua. Mama mkubwa alinuna siku mbili, ila sari anaivaa, na inampendeza, huo ndo ukweli.

Mimi sasa ndo nikabaki na udadisi. Hiyo Baluchari yenyewe ni nini mpaka mtu aifanyie feki? Nikaanza kusoma, na kadri nilivyosoma nikaona stori ya feki ni ndogo, kubwa ni stori ya kitambaa kilichokufa kabisa kikazikwa alafu kikafufuliwa, na kilichofufuka sio kilekile kilichozikwa, na watu wanaogombana kuhusu hilo naona wengi wanagombania mahali ambapo sio penyewe.

Baluchar ni kijiji kando ya mto Bhagirathi, jirani na mji wa Murshidabad, Bengal. Mwanzoni mwa karne ya 18 Murshid Quli Khan, mtawala wa Bengal, alihamisha makao yake kutoka Dhaka akaja hapo, mji ukachukua jina lake, na palipo na nawabu, yaani mtawala wa jimbo, pana matajiri, wake zao na harusi zao, na nguo inayoendana na hayo yote. Hariri ilikuwa hapohapo, Kasimbazar ni pua na mdomo na Wazungu wa kampuni za biashara walishaweka maghala yao huko. Wafumaji wa eneo hilo wakatoka na sari ya aina yake, ardhi ya nguo ni nyekundu iliyokolea au zambarau au bluu ya usiku, na kwenye ncha ya begani, wenyewe Wabengali wanaiita anchal, katikati zinapangwa kalka kubwa, alafu kuzunguka hizo kalka kuna vyumba vidogo vya mraba, na kila chumba kina mtu anafanya shughuli yake.

Kalka mnaijua. Shika kanga ya bibi yako uangalie vizuri, ile alama yenye tumbo chini na mkia uliopinda juu tunaiita korosho. Ndo hiyohiyo. Huko India wengi wanaiona ni embe, imetokea pande za Uajemi ikapita Kashmir ikasambaa kila mahali, na ilipofika pwani yetu watu wakaangalia uani kwao wakaona mkorosho, basi ikawa korosho. Naomba uishike hiyo, nitairudia.

Sasa wale watu ndani ya vyumba. Sari za zamani zilizobaki kwenye makumbusho, Kolkata, Ahmedabad, London, zinaonyesha nawabu kakaa anavuta buruma, mwanamke kashika ua analinusa, mpanda farasi, tembo mwenye mtu mgongoni, na baadae kabisa, karne ya 19, anaingia Mzungu kwenye kofia yake, inaingia meli ya moshi, na inaingia treni. Treni kabisa, ina magurudumu, ina mabehewa, na abiria wanachungulia dirishani. Reli ya kwanza ya abiria India ilifunguliwa 1853 kule Bombay, mwaka uliofuata ikaanza Bengal kutokea Howrah, na wafumaji wa hariri, watu wa kijijini, wakaona lile dude wakasema hili nalo linaenda kwenye sari. Yaani mwanamke wa tajiri anaenda kwenye sherehe kajitanda treni begani. Mimi hiyo ndo imeniua.

Na sio kazi rahisi, maana hapa hakuna kuchora wala kuchapa. Picha inafumwa pamoja na nguo. Kuna mtande, zile nyuzi za urefu zilizokazwa, na kuna mshindio, uzi wa upana unaopita huku na huku, sasa picha inatengenezwa na mshindio wa ziada wa rangi, hariri isiyosokotwa ili ijae na kuvimba kidogo juu ya nguo. Ili uzi wa rangi utokeze mahali sahihi lazima ujue kwa kila mstari mmoja, mstari mwembamba kama unywele, nyuzi zipi za mtande zinyanyuke na zipi zilale. Zamani mahesabu hayo yote yalifungwa kwenye kamba, kitu wanaita naksha, fundi maalum anaifunga fundo kwa fundo, alafu wakati wa kufuma anakuwepo msaidizi wa kuvuta mafungu ya hizo kamba, mfumaji anapitisha uzi, anavuta fungu lingine, uzi unapita. Ncha moja ya sari ina maelfu ya mistari. Ilikuwa kazi ya miezi, na mtu anayeweza kumlisha fundi miezi yote hiyo kwa nguo moja ni tajiri tu.

Matajiri wakaisha, na sari ikaisha nao. Baada ya vita ya Plassey mwaka 1757 Waingereza ndo wakawa wenye nchi, manawabu wakabaki na jina, wamiliki ardhi wakubwa ndo wakaendelea kununua kwa muda, alafu nao wakapungua, na soko likajaa nguo za viwanda vya Uingereza za bei ya kutupa. Mto nao inasemwa ulifurika ukakila kijiji chenyewe, wafumaji wakahamia vijiji vya jirani. Mwisho wa yote alibaki bingwa mmoja, Dubraj Das, alikuwa na kawaida ya kufuma jina lake ndani ya sari, na alipofariki mwaka 1903 ikawa basi. Naksha hakuna aliyejua kuifunga.

Imepita nusu karne. Miaka ya 1950, India imeshapata uhuru, serikali inahangaika kufufua kazi za mikono, mchoraji wa Kolkata anaitwa Subho Tagore, ndio, wa ukoo uleule wa Tagore yule mshairi, alikuwa anaongoza kituo cha dizaini, akaamua Baluchari irudi. Akamwita Akshay Kumar Das, fundi mfumaji kutoka Bishnupur, akakaa naye akajifunza kutumia jakadi, na mfanyabiashara wa taasisi ya Silk Khadi Seva Mandal hukohuko Bishnupur, Hanuman Das Sarda, akabeba gharama. Ikatoka. Sari ya kwanza baada ya miaka hamsini na kitu, na leo Bishnupur kuna familia nyingi zinaishi kwa hiyo kazi.

Jakadi ni ule mtambo wa Mfaransa Joseph Marie Jacquard wa mwaka 1804. Badala ya kamba na msaidizi, dizaini inatobolewa kwenye makadi magumu, kadi moja kwa mstari mmoja, makadi yanashonwa pamoja yanakuwa mnyororo mrefu unaoning'inia juu ya kitanda cha kufumia, penye tundu sindano inapita uzi unanyanyuka, pasipo tundu uzi unalala. Mfumaji anakanyaga, kadi inageuka, tak, inakuja nyingine. Kompyuta za mwanzo nazo ziliazima wazo hilohilo la makadi. Kilichokuwa kinachukua miezi sasa watu wawili wakipokezana wanamaliza kwa wiki moja hivi.

Hapo sasa ndo ugomvi unaanza. Wapo watu, wengi wao wakusanyaji na wasomi wa nguo, wanasema hii sio Baluchari. Kwanza Bishnupur sio Murshidabad, ni wilaya ya Bankura huko kusini magharibi, mbali kabisa. Pili jakadi sio naksha. Tatu, na hapa wana hoja, wale manawabu na Wazungu na treni wameondoka, badala yake zimejaa picha za Ramayana na Mahabharata, Krishna anaendesha gari la vita, Arjuna na upinde wake. Sari ya kasri la Kiislamu imegeuka sari ya hadithi za Kihindu.

Hoja mbili za mwanzo mimi sizihangaikii. Kazi ikifa kwa jirani ukaishika wewe ni yako, na wanaodai naksha nawaomba wakae mwezi mmoja kwenye benchi wavute kamba wao. (Mji wa Banaras wapo mafundi ambao hawakuacha kufunga naksha, na wameshafuma Baluchari kwa njia ya zamani, ni kazi ya kutoa machozi, ila wateja wake ni wa kuhesabu vidole.) Hata kwetu, kofia ya kushona kwa mkono ya Lamu au Unguja inakula miezi na ina bei yake, mzee anaivaa Idi na Idi, siku za kawaida anavaa ya mashine na hakuna anayemwambia hajavaa kofia.

Hiyo ya tatu ndo nilikaa nayo. Mwanzoni nilikubaliana nao kabisa, nikasema hapa watu wamefuta historia. Alafu nikaangalia picha za Bishnupur yenyewe. Ule mji ulikuwa wa wafalme wa Malla, na karne ya 17 walijenga mahekalu ya matofali ya udongo wa kuchoma, Shyam Rai mwaka 1643, Jor Bangla mwaka 1655, na kuta zake kuanzia chini mpaka juu zimegawanywa vyumba vidogo vya mraba, na kila chumba kina mtu anafanya shughuli yake. Umeona? Mpangilio uleule wa ncha ya sari, vibao vya mraba mstari kwa mstari. Fundi wa Bishnupur alipoambiwa ajaze vyumba, alitoka nje akaangalia ukuta aliokua anapita kila siku toka utotoni, akajazia hao. Ni kilekile walichofanya wafumaji wa zamani, walichungulia nje wakaona nawabu, siku nyingine wakaona treni. Ni kilekile bibi zetu walichofanya na korosho. Sisemi soko halikuchangia, India ya baada ya kugawanywa na Pakistan 1947 mteja wa harusi ya Kihindu alikuwa anataka miungu yake sio nawabu na buruma, lakini mimi siwezi kumlaumu Akshay Das kwa kuchungulia dirishani kwake.

Lawama yangu inaanzia baada ya hapo. Imepita miaka karibu sabini na kwa sehemu kubwa ni gari lilelile la vita, upinde uleule. Dirisha lilifunguliwa mara moja tu likafungwa. Wafumaji wa Murshidabad ndani ya miaka mia moja na hamsini walitoka kwa nawabu wakaenda kwa Mzungu wakaenda kwa meli wakaenda kwa treni, hawakuwa wanatunza urithi wale, walikuwa wanapiga umbea wa mjini kwa hariri. Leo mtu anayesema anaienzi sari ileile anaogopa kuweka hata baiskeli.

Na sio kwamba wafumaji wamekosa akili ya kubuni, bana. Shida ni makadi. Dizaini mpya ina maana seti mpya nzima, mtu wa kuichora kwenye karatasi ya vijumba, mtu wa kutoboa, maelfu ya makadi kabla hata hujafuma sentimita moja, na kama haikuuzika imekula kwako. Siku hizi kompyuta imepunguza kazi ya kuchora lakini bado ni hela. Sasa hela hiyo mfumaji anaitoa wapi? Sensa ya wafumaji wa mkono India ya mwaka 2019-20 ilikuta watu milioni 3.5 kwenye hiyo kazi nchi nzima, miaka kumi nyuma walikuwa zaidi ya milioni 4.3, na karibu kaya mbili kati ya tatu zinaingiza chini ya rupia 5,000 kwa mwezi. Rudi kwenye sari ya mama mkubwa ya plastiki, hazifiki hata tatu kwa mwezi mzima wa kazi. Mtu wa namna hiyo anafanya kazi kwa mahajan, tajiri anayemletea hariri na dizaini na kumlipa kwa kipande, mahajan naye anajua gari la vita linatoka, kwa nini ajaribu baiskeli? Naksha nayo ilikuwa ghali kuibadilisha, tusijidanganye, pengine ghali zaidi. Tofauti ni kwamba zamani alikuwepo mteja kiherehere mwenye hela, anayetaka kuwa wa kwanza mjini kuvaa treni, na gharama ya ujinga ule alikuwa anaibeba yeye. Leo gharama ya kujaribu imebebeshwa mtu masikini kuliko wote kwenye mnyororo, ndo maana hajaribu.

Alafu kuna sisi wateja. Tunataka "asili". Baluchari ina hati ile ya kulinda jina la mahali, GI, kwa hiyo kisheria huwezi tu kufuma popote ukaiita Baluchari, na hilo ni jambo zuri, mimi naliunga mkono. Pia toka 1985 India ina sheria inayotenga aina fulani za nguo, sari zikiwemo, ziwe za mkono tu mashine za umeme zisiguse. Kwenye karatasi mambo yamenyooka. Ila neno asili likishamkaa mteja kichwani anaanza kuwa polisi, akiona kitu hajakizoea anasema hii sio yenyewe, anataka ifanane na ile aliyoiona kwenye simu, na ile ya kwenye simu imefanana na ya mwaka jana.

Na hapo ndo feki inapopata uhai, hili nimekuja kuliona nimechelewa. Nani anapenda dizaini isiyobadilika kuliko wote? Mwenye mashine. Jakadi haichagui, mtande na matundu ni lugha ileile hata ukiendesha kwa umeme, na gari la vita likikaa miaka sabini bila kubadilika unapata muda wote unaoutaka wa kulinakili kwa polyester, unalitoa kwa mamilioni ya mita kama viwanda vya Surat vinavyotoa sari kila siku, unalishusha kila duka kuanzia Kolkata mpaka Chennai mpaka Kariakoo. Mtambo uliofufua sari ndo huohuo ulioacha mlango wazi, na kinachomchelewesha mwizi wa dizaini ni kukuta umeshahama. Kitu ambacho mfumaji wa mkono angeweza kumshinda nacho mwenye kiwanda ni sari tatu za namna yake ambazo kiwanda hakioni faida kuzinakili. Hiyo nafasi ndo tumemfungia kwa jina la heshima.

Kwa hiyo nikisikia mradi mwingine wa kufufua, na India iko nayo mingi, kila jimbo lina sari yake iliyozimia, siku hizi ninaangalia kitu kimoja tu, bajeti ya makadi. Kama hela yote imeenda kwenye maonyesho na katalogi na hotuba za tarehe 7 Agosti, ile siku yao ya kitaifa ya nguo za mkono toka 2015, basi mradi umefufua picha. Kama kuna fungu la kumwambia mfumaji weka chochote, hata bajaji, ikikataa sokoni hasara ni yetu, hapo nitasema kuna kitu kinapumua. Na jina lake liwepo. Dubraj Das alikuwa analifuma kabisa kwenye nguo, ndo maana zaidi ya miaka mia moja baadae mtu wa Dar kama mimi ninamjua kwa jina, na walioifuma Baluchari halali ya jana pale Bishnupur simjui hata mmoja. Hati inataja mahali, lebo inataja duka.

Ya mama mkubwa ina stika ya dhahabu tu imeandikwa hariri tupu. Amekataa tusiibandue. Juzi kaivaa harusini Mbagala, mama mmoja wa meza ya jirani akaishika ile ncha akaivuta karibu na macho akauliza huyu wa upinde ni nani, na mimi nikafungua mdomo nianze kuelezea Arjuna na vita vya Kurukshetra, mama mkubwa akaniwahi. "Huyo mwindaji," akasema, "anatafuta swala."